Mageuzi ya Kodi Kwenye Sheria na Mikataba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maneno "mageuzi ya kodi" yakitamkwa bungeni ni sera. Yakiingia kwenye mkataba yanakuwa pesa ya mtu, na kuna atakayelipa zaidi na atakayebakiwa na zaidi. Majibu haya ni kwa ajili ya msomaji wa mkataba wa mkopo, wa ujenzi, wa ugavi au wa kununua kampuni ambaye ameyakuta maneno hayo katikati ya ukurasa, yameanza kwa herufi kubwa, akajiuliza yamefuata nini pale.

"Mageuzi ya Kodi" kwenye mkataba maana yake nini hasa?

Maana yake ni ile ambayo wahusika wameyapa. Herufi kubwa ni ishara kwamba tafsiri ipo mahali fulani, mara nyingi kwenye ibara ya kwanza au kiambatisho cha mwisho. Kaitafute kabla hujasoma kitu kingine.

Tafsiri zenyewe huja kwa sura tatu. Ipo inayotaja sheria moja iliyokwisha kupitishwa. Ipo inayoeleza aina ya tukio, kwa mfano "sheria yoyote itakayobadilisha kiwango cha kodi ya mapato ya kampuni baada ya tarehe ya mkataba huu". Ya tatu inachanganya zote mbili: inataja sheria fulani, halafu inaongeza "na sheria nyingine yoyote inayofanana nayo". Mimi hii ya tatu siipendi. Inafanana kwa kipimo gani? Mwandishi aliyeweka maneno hayo alikuwa anajikinga, lakini amewaachia wahusika ugomvi wa baadaye.

Pasipo na tafsiri kabisa, hakimu au msuluhishi atayachukua maneno kwa maana ya kawaida: mabadiliko mapana ya mfumo wa kodi, yaani viwango, wigo wa wanaotozwa, misamaha na namna ya kukusanya. Kupandishwa kwa ada moja ndogo kunaweza kabisa kuonekana hakufikii hapo.

Mbona mikataba mingine inataja sheria kwa namba badala ya jina linalojulikana?

Kwa sababu jina linalojulikana linaweza lisiwemo ndani ya sheria yenyewe. Mfano wa wazi ni sheria ya kodi ya Marekani iliyosainiwa tarehe 22 Desemba 2017. Watu wote, wanasheria wakiwemo, huiita Tax Cuts and Jobs Act. Lakini jina hilo liliondolewa kwenye muswada ukiwa Seneti, kwa sababu utaratibu maalumu wa bajeti uliotumika kuupitisha hauruhusu vipengele visivyogusa mapato au matumizi ya serikali, na jina fupi halikusanyi hata senti moja. Jina rasmi lililobaki ni sentensi ndefu inayozungumzia azimio la bajeti la mwaka wa fedha 2018. Ndiyo maana mikataba iliyoandikwa kwa uangalifu inasema "Sheria ya Umma Namba 115-97".

Tatizo jingine ni majina yanayojirudia. Marekani hiyohiyo imekuwa na Tax Reform Act ya 1969, ya 1976 na ya 1986. Ukiandika jina bila mwaka, hujasema kitu. Ile ya 1986 ndiyo iliyoacha alama kubwa zaidi: ilishusha kiwango cha juu cha kodi ya mtu binafsi kutoka asilimia 50 hadi 28, na cha kampuni kutoka asilimia 46 hadi 34. Mpaka leo mikataba ya Marekani hutafsiri neno "Code" kuwa ni Kanuni ya Mapato ya Ndani ya 1986, "kama itakavyorekebishwa".

Hayo maneno "kama itakavyorekebishwa" yana uzito wowote?

Yana uzito mkubwa. Yakiwepo, tafsiri inatembea pamoja na sheria: bunge likibadilisha, mkataba nao umebadilika bila mtu kushika kalamu. Yasipokuwepo, unaweza kukuta mkataba umeganda kwenye sheria kama ilivyokuwa siku ya kusaini. Sehemu kubwa ya nafuu za watu binafsi kwenye sheria ya 2017 zilipangwa ziishe mwisho wa 2025, kisha sheria nyingine iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 ikazifanya nyingi kati yake kuwa za kudumu. Mkataba uliotegemea zile tarehe za mwisho, bila maneno hayo, ulianza kuuliza maswali ambayo hakuna aliyekuwa ameyapangia majibu.

Mageuzi yanahesabika yametokea lini? Muswada ukisomwa, ukipitishwa, ukisainiwa, au ukianza kutumika?

Swali hili ndilo linaloamua mambo mengi kuliko hata kiwango cha kodi chenyewe, na ndilo linaloandikwa kizembe kuliko yote.

Kuna angalau siku nne tofauti: siku muswada unapowasilishwa, siku bunge linapoupitisha, siku unaposainiwa kuwa sheria, na siku vifungu vinapoanza kutumika. Kwa sheria ya Marekani ya 2017, muswada uliwasilishwa tarehe 2 Novemba, ukasainiwa tarehe 22 Desemba, na vifungu vyake vingi vikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2018. Ndani ya miezi miwili tu hiyo, mikataba miwili inayofanana neno kwa neno ingeweza kuangukia pande tofauti.

Kwenye mikataba ya ujenzi ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, kuna utaratibu mzuri wa kuigwa. Kuna "tarehe ya msingi", ambayo ni siku 28 kabla ya mwisho wa kupokea zabuni. Sheria zilizokuwepo siku hiyo mkandarasi anachukuliwa kuwa alizijua akapanga bei yake, na mabadiliko ya baadaye yanayomwongezea au kumpunguzia gharama yanarekebishwa kwenye malipo. Hakuna anayeulizwa alikuwa amesikia nini redioni.

Nawe ukiandika, taja siku moja. Kama unataka muswada uhesabike, useme hivyo. Usiposema, mtu aliyesaini huku muswada uko mezani bungeni ataambiwa na mwenzake kwamba alijua hatari hiyo akaikubali.

Kuna tofauti gani kati ya "mageuzi ya kodi" na "mabadiliko ya sheria ya kodi"?

Ya pili ni pana zaidi. Kwa kawaida "mabadiliko ya sheria ya kodi" hukusanya sheria mpya, marekebisho, kanuni, mikataba ya kodi kati ya nchi, na hata tafsiri mpya ya mahakama au mamlaka ya kodi. Mkataba mkuu wa chama cha kimataifa kiitwacho ISDA, unaotumika duniani kote kwenye miamala ya fedha, unaandika hivyo: unahesabu pia mabadiliko ya matumizi au tafsiri rasmi ya sheria. "Mageuzi" peke yake hayafiki huko. Mamlaka ya kodi ikitoa waraka kesho unaosoma kifungu cha zamani kwa macho mapya, hayo yanaweza kuwa mabadiliko, lakini ni vigumu kuyaita mageuzi.

Kodi ikipanda, nani anabeba mzigo?

Anayetajwa na mkataba. Usipotaja, anabeba yule ambaye sheria inamdai, na mara nyingi huyo siye ambaye wahusika walimfikiria.

Chukua kodi ya zuio kwenye riba, yaani kodi ambayo mlipaji huikata kabla pesa haijamfikia mpokeaji. Mikataba mingi ya mikopo ya kimataifa inamtaka mkopaji afidie: mkopeshaji lazima apokee kiasi kamili kana kwamba hakuna kilichokatwa. Riba ikiwa 100 na kodi ya zuio asilimia 10, mkopaji anatoa 111.11 ili 100 ifike. Mageuzi yakipandisha kodi hiyo hadi asilimia 15, anatoa 117.65. Mkopeshaji hajaguswa hata kidogo. Mkopaji aliyedhani amekopa kwa riba isiyobadilika anagundua kwamba kilichokuwa hakibadiliki ni pato la mwenzake.

Kodi ya ongezeko la thamani nayo ina mtego wake, nao uko kwenye neno "bei". Saudi Arabia ilianza kutoza VAT ya asilimia 5 tarehe 1 Januari 2018, ikaipandisha hadi asilimia 15 tarehe 1 Julai 2020. Mkataba wa miaka mingi ukisema bei ni 100,000 na kodi imo ndani yake, muuzaji alikuwa anabaki na 95,238. Baada ya Julai 2020 anabaki na 86,957, kwa kazi ileile na gharama zilezile. Mkataba ukisema bei ni 100,000 "bila VAT, ambayo italipwa juu yake kwa kiwango kitakachokuwepo siku ya ankara", nyongeza yote inamhamia mnunuzi. Tofauti nzima imekaa kwenye nusu ya sentensi.

Kodi ikishuka je? Si kila mtu anafaidika?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi walipoumia. Sheria ya 2017 ilishusha kodi ya kampuni Marekani kutoka asilimia 35 hadi 21. Miji, hospitali na shule zisizo za faida zilikuwa zimekopa benki kwa mikopo ambayo riba yake haitozwi kodi ya serikali kuu. Benki ilikubali riba ndogo kwa sababu msamaha huo ulikuwa na thamani kubwa kwake, na thamani hiyo hupungua kodi ya kampuni ikishuka. Kwa hiyo mikataba mingi ilikuwa na kifungu kinachosema: kodi ya kampuni ikishuka, zidisha riba kwa uwiano wa kile kinachobaki baada ya kodi mpya na kile kilichobaki baada ya kodi ya zamani.

Tupige hesabu. Kinachobaki kwenye asilimia 21 ni 0.79, na kwenye asilimia 35 ni 0.65. Gawanya, unapata takriban 1.215. Mkopo wa dola milioni 10 kwa riba ya asilimia 3 ulikuwa unalipiwa dola 300,000 kwa mwaka. Baada ya kuzidisha, riba ni karibu asilimia 3.65, sawa na dola 364,600 hivi. Mkopaji hakuchelewesha malipo, hakuvunja sharti lolote, na habari iliyotangazwa nchi nzima ilikuwa kwamba kodi imepungua. Wapo waliorudi kujadiliana na benki zao wakapata nafuu, wengine wakalipa. Kifungu kilikuwa kimekaa pale miaka yote, na mtu anaposaini mara chache hudhani kwamba hatari inaweza kutoka upande wa punguzo.

Baadhi ya nchi haziachi suala la punguzo mikononi mwa wahusika. India ilipounganisha kodi zake nyingi za bidhaa na huduma kuwa GST moja tarehe 1 Julai 2017, kifungu cha 171 cha sheria yake kilimtaka mfanyabiashara apitishe punguzo la kodi kwa mnunuzi kwa kushusha bei kwa kiwango kinacholingana. Sheria ya namna hiyo ikiwepo, kifungu cha mkataba kinachosema muuzaji atabaki na faida yote hakina pa kusimama.

Nanunua kampuni. Mageuzi ya kodi yananihusu vipi?

Yanakuhusu kwenye mstari unaotenganisha kodi za kabla ya mauziano na za baada yake. Kwa kawaida muuzaji hubeba za nyuma, mnunuzi za mbele. Mageuzi yanaweza kuuvuruga mstari huo kwa kutoza leo mapato ya zamani.

Ndivyo ilivyokuwa 2017. Kampuni za Marekani zenye matawi nje zilitozwa kodi ya mara moja kwenye faida iliyolundikana huko tangu baada ya 1986: asilimia 15.5 kwa sehemu iliyo fedha taslimu na mfano wake, asilimia 8 kwa iliyobaki, na zikaruhusiwa kulipa kwa awamu katika miaka minane. Aliyeinunua kampuni kama hiyo 2018 alijikuta na awamu za kulipa hadi miaka mingi mbele, kwa faida iliyopatikana enzi za mwenye nayo wa zamani. Je, hiyo ni kodi ya nyuma au ya mbele? Faida ni ya nyuma, awamu ni ya mbele, na pande zote mbili zina hoja. Mikataba iliyofuata ikaanza kuitaja kodi hiyo kwa namba ya kifungu chake, 965, na kusema waziwazi kwamba awamu zote zinahesabiwa kuwa deni la muuzaji na kukatwa kwenye bei. Tafsiri yako isipogusa kodi inayotozwa kwa awamu, irekebishe kabla ya kusaini.

Angalia pia hasara za kodi, yaani hasara za miaka ya nyuma zinazopunguza kodi ya mbeleni, ambazo muuzaji anakuuzia kana kwamba ni mali. Hasara ya milioni 100 kwenye kodi ya asilimia 35 inaokoa milioni 35 mbeleni. Kiwango kikishuka hadi 21, inaokoa milioni 21. Milioni 14 zimeyeyuka kwenye vitabu siku sheria iliposainiwa, bila biashara kupoteza mteja hata mmoja. Kwa mkopaji aliyeahidi benki kwamba thamani halisi ya kampuni haitashuka chini ya kiwango fulani, kuyeyuka huko kunaweza kuhesabika kuwa kuvunja sharti, isipokuwa mkataba uwe umeondoa athari za mageuzi ya kodi kwenye hesabu hiyo.

Sheria mpya inaweza kugusa mkataba niliosaini zamani?

Inaweza, na mara nyingi sheria yenyewe inasema mikataba ipi imesalimika. Marekani 2017 iliondoa nafuu iliyoruhusu kampuni zilizo kwenye soko la hisa kukata kwenye mapato yanayotozwa kodi malipo ya wakuu wake yaliyozidi dola milioni moja kama yalitegemea ufanisi. Lakini mkataba wa maandishi wenye nguvu uliokuwepo tarehe 2 Novemba 2017 uliachwa kama ulivyo, mradi usirekebishwe kwa jambo la msingi. Kwa hiyo kampuni iliyoongeza mshahara kwa nia njema baadaye iliweza kupoteza kinga hiyo.

Kwenye talaka, sheria ileile ilisema malipo ya matunzo kwa mtalaka chini ya makubaliano yaliyosainiwa baada ya tarehe 31 Desemba 2018 hayakatwi tena kwenye mapato ya mlipaji yanayotozwa kodi, wala hayatozwi kodi kwa mpokeaji. Waliosaini kabla walibaki kwenye utaratibu wa zamani. Kwa hiyo, kama una mkataba wa zamani, kabla ya kuugusa hata kwa nyongeza ya ukurasa mmoja, uliza kwanza kama kuugusa kutaufanya mpya machoni pa sheria.

Na kama upande mmoja wa mkataba ni serikali yenyewe?

Hapo mwenye kubadilisha sheria ndiye pia mwenye kunufaika nayo, na wawekezaji wa mafuta, gesi na madini wanalijua hilo vizuri. Huomba kifungu cha uthabiti. Namna ya zamani inagandisha kodi kwa muda wa mradi. Namna inayopendwa zaidi siku hizi inaruhusu serikali ibadilishe sheria yake, ila pande zirekebishe mgawanyo ili mizani ya kiuchumi irudi ilipokuwa. Naiona ya pili kuwa ya haki zaidi, kwa sababu bunge lililofungwa mikono kwa miaka 30 haliwatumikii wananchi wake, na mwekezaji naye anahitaji kujua atasimama wapi.

Ekwado ilionyesha kinachotokea kifungu kinapokuwepo lakini marekebisho yasifanyike. Sheria Namba 42 ya 2006 iliipa serikali angalau asilimia 50 ya mapato ya ziada yaliyotokana na kupanda kwa bei ya mafuta, na 2007 amri ya rais ikapandisha hadi asilimia 99. Kampuni za Burlington na Perenco, ambazo mikataba yao ilikuwa na vifungu vya kurekebisha mgawanyo kodi ikibadilika, zilikwenda ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha kuamua migogoro ya uwekezaji, na mashauri yakachukua miaka. Mojawapo ya hoja zilizobishaniwa ilikuwa kama makato hayo ni kodi kweli. Ndiyo maana tafsiri nzuri ya "kodi" hukusanya "tozo, ada, ushuru, mrabaha au makato yoyote ya lazima, kwa jina lolote litakaloitwa".

Brazil imefuata njia tofauti. Marekebisho ya katiba Namba 132 ya Desemba 2023 yanabadilisha kodi tano za matumizi, kwa kipindi cha mpito cha 2026 hadi 2033, na sheria ya utekelezaji imeweka utaratibu wa kusawazisha upya mikataba ya umma iliyoathirika.

Naweza kuvunja mkataba kwa sababu ya mageuzi ya kodi?

Kwa kawaida huwezi. Mkataba kuwa ghali zaidi kutekeleza hakuufanyi usitekelezeke, na kifungu cha nguvu zisizozuilika (vita, mafuriko na mfano wake) kwa kawaida hakifunguki kwa kodi. Haki ya kutoka lazima iandikwe. ISDA wanayo: kodi ikilazimisha upande mmoja kufidia au kupokea pungufu, hilo ni tukio linaloweza kumaliza muamala, lakini aliyeathirika lazima kwanza ajitahidi kwa siku 20 kuuhamishia ofisi yake nyingine au kampuni dada ambako athari hiyo haipo. Naupenda mpangilio huo, kwa sababu tatizo linatafutiwa dawa kwanza.

Kodi ya chini ya kimataifa ya asilimia 15 inahesabika?

Inategemea tafsiri imeandikwa kwa upana gani. Kodi hiyo imetoka kwenye makubaliano yaliyoratibiwa na OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, inagusa makundi ya kampuni yenye mapato ya euro milioni 750 na zaidi kwa mwaka, na kila nchi huiingiza kwa sheria yake. Inaweza kutozwa nchi ambayo si ya mkataba wako kwa sababu ya kodi ndogo iliyolipwa nchi yako. Tafsiri inayosema "sheria ya nchi ya Mlipaji" itaikosa.

Naandika kifungu mwenyewe. Kisomekeje?

Kwa mkataba wa ugavi usio na utata mwingi, ningeanza na hiki: "Mabadiliko ya Kodi maana yake ni kupitishwa, kurekebishwa au kufutwa kwa sheria, kanuni au tafsiri rasmi yoyote inayohusu kodi, tozo au makato ya lazima kwa jina lolote, ambako kumetangazwa rasmi kuwa sheria baada ya Tarehe ya Msingi, hata kama utekelezaji wake unaanza baadaye au unarudi nyuma. Mabadiliko ya Kodi yakiongeza au kupunguza gharama ya Mgavi kwa zaidi ya asilimia mbili ya Bei, upande wowote unaweza, ndani ya siku 60, kutoa taarifa yenye hesabu, na Bei itarekebishwa kwa kiasi hicho tu. Kodi za mapato za upande wowote hazihusiki."

Asilimia mbili na siku 60 ni za kujadiliana. Maneno "au kupunguza" usikubali yaondolewe, hata kama wewe ndiwe mgavi, maana mnunuzi mwenye wakili makini ataona kifungu kinakwenda upande mmoja na atakikataa chote. Na ile sentensi ya mwisho kuhusu kodi za mapato ibaki: bila yenyewe, mwenzako anaweza kukuletea ankara ya kodi ya faida yake mwenyewe.